Kifundo kinachoteguka kila mara: tiba zipi zimethibitika, na zipi ni mazoea tu?

Kocha_Katindo (Goma) ameuliza:

Salamu kwenu nyote, hasa ninyi mlio katika kazi ya kinesiterapia, yaani kutibu viungo kwa mazoezi ("kine" kwa kifupi).

Ninafundisha timu ya vijana hapa Katindo. Wakazi wa Goma wanajua kwamba viwanja vyetu vingi ni changarawe nyeusi ya volkano iliyosawazishwa kwa koleo, na jiwe moja lililojificha linatosha kumtegua mchezaji aliyekuwa akikimbia vizuri. Msimu huu kiungo wetu wa kati, kijana wa miaka 19, ameteguka tena kifundo cha mguu wa kulia, kilekile kilichomsumbua mwaka jana. Winga wetu naye alishikwa na maumivu makali nyuma ya paja alipokuwa akiufukuza mpira mrefu, akasimama papo hapo huku akigeuka kuangalia nani amempiga.

Tangu hapo kila mtu ana dawa yake. Mama wa kiungo amempeleka mwanawe kwa mkandaji. Zahanati moja imependekeza vikao vya mashine ya mawimbi ya sauti, kila kikao kikilipiwa peke yake, na nyingine imependekeza sindano. Wachezaji wenzake wanasema barafu na kulala ndiyo tiba ya wachezaji wa Ulaya.

Sitaki kushindana na mtu yeyote. Ningependa kujua ni matibabu yapi kati ya haya yamepimwa kwa wagonjwa, yakalinganishwa na mengine, na kuonekana kwamba yanasaidia. Na pia mimi mwenyewe ninaweza kufanya nini uwanjani bila mashine wala chumba cha mazoezi. La mwisho ni kuhusu kurudi uwanjani. Mpaka sasa tunamrudisha mchezaji anapoacha kuchechemea.

Kine_Ndosho (Goma) amejibu:

Ndugu kocha, hicho kipimo chako cha "anapoacha kuchechemea" kinanitia wasiwasi kuliko hata mkandaji, na nitakirudia. Tuanze na jambo linalotangulia tiba yoyote, nalo ni kuhakikisha kwamba hakuna mfupa uliovunjika.

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walichapisha kanuni rahisi ambazo hadi leo zinatumika karibu kila mahali. Mchezaji apelekwe kupigwa picha ya radiografia ikiwa ana maumivu ya kifundo na pia anaumia unapobonyeza mfupa kwenye ncha au ukingo wa nyuma wa jicho la mguu, la nje au la ndani, katika sentimita 6 za mwisho za mfupa; au ikiwa hakuweza kupiga hatua nne mara tu baada ya kuumia na bado hawezi anapochunguzwa. Ikiwa maumivu yako katikati ya unyayo, bonyeza mfupa unaotokeza kwenye ukingo wa nje, upande wa kidole kidogo, na ule wa ndani ulio juu ya upinde wa unyayo. Mtu asiye na dalili hata moja kati ya hizi ni nadra sana awe amevunjika. Kidole chako kinatosha kwa uchunguzi huo, na familia inaweza kuokoa gharama ya picha isiyohitajika.

Sasa kifundo chenyewe. Kinapopinduka kuelekea ndani, ligamenti za upande wa nje ndizo huvutika au kuchanika, mara nyingi ile ya mbele kwanza. Ligamenti si kamba tu ya kushikilia mifupa. Ndani yake kuna neva zinazoujulisha ubongo mguu uko katika pembe gani, ili misuli ya upande wa nje wa mguu ikaze kabla kifundo hakijapinduka kabisa. Baada ya jeraha taarifa hizo huchelewa na misuli hudhoofika, hata kama uvimbe umekwisha na maumivu yametulia. Ndiyo sababu kijana wako aliteguka palepale: aliporudi uwanjani maumivu yalikuwa yamepona, lakini uwezo wa mguu kujilinda haukuwa umerudi.

Ushahidi unaelekea upande huo. Huko Ireland ya Kaskazini watu 101 waliokuwa wametoka kuteguka waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipumzika na kuweka barafu kwa juma la kwanza, wengine wakaanza mazoezi ya kifundo katika juma hilohilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010, na kundi la mazoezi lilitumia mguu vizuri zaidi katika majuma mawili ya mwanzo, bila kuonekana kwamba kuanza mapema kuliwaletea kuteguka tena. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Waholanzi walikuwa wamewafuatilia wanamichezo 522 waliokuwa wamemaliza matibabu yao ya kawaida. Nusu yao hivi walipewa mazoezi ya usawa ya kufanya nyumbani kwa majuma 8 bila msimamizi. Katika mwaka uliofuata asilimia 22 ya waliofanya mazoezi waliteguka tena, ilhali kwa wasiofanya ilikuwa asilimia 33. Kwa tiba isiyogharimu kitu, hiyo ni tofauti kubwa.

Mazoezi yenyewe ni haya. Siku za kwanza achezeshe kifundo juu na chini kadiri maumivu yanavyoruhusu, na atembee akikanyaga, kwa gongo ikibidi. Akiweza kusimama bila shida, asimame kwa mguu mmoja kwa sekunde 30, kisha afumbe macho, kisha asimame juu ya godoro lililokunjwa, kisha arushiwe mpira akiwa katika hali hiyo. Sambamba na hayo, ajiinue kwa vidole, kwanza kwa miguu yote miwili, baadaye kwa ule ulioumia peke yake. Kuruka na kukata kona kwa kasi vije mwisho.

Kuhusu mashine ya mawimbi ya sauti: mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio yaliyoilinganisha na mashine iliyozimwa bila mgonjwa kujua, na hayakuona faida yenye maana kwa kifundo kilichoteguka. Mashine inapapasa ngozi, mgonjwa amelala, kila mtu anaona kazi inafanyika. Fedha hizo ningezitumia kwa kikao kimoja au viwili vya kufundishwa mazoezi na mtaalamu, au kwa kununua kishikizo cha kitambaa cha kufunga kifundo wakati wa mechi, kwa sababu kinga ya namna hiyo inapunguza kuteguka upya kwa mtu aliyewahi kuteguka.

Mzee_wa_Birere amejibu:

Nimesoma kwa heshima, lakini niruhusuni niseme. Tangu utoto wetu watu wa Masisi na Rutshuru waliteguka mashambani, wakakandwa kwa maji ya moto na mafuta, wakarudi kulima. Hawakumwona mtaalamu wa kine wala kusikia habari za Ottawa. Mama wa kijana huyo hakufanya kosa. Mkandaji anamshika mtoto, anamtuliza, na bei yake inajulikana. Je, mnataka kusema kwamba mikono ya wazee wetu haisaidii kitu?

Muuguzi_Kadutu (Bukavu) amejibu:

Mzee wetu, shikamoo. Hakuna aliyesema mikono haisaidii. Kukandwa polepole kunapunguza maumivu kwa muda, na mtu mwenye maumivu kidogo hukubali kusogea mapema, jambo ambalo ni jema. Hao waliorudi kulima walipona kwa sehemu kubwa kwa sababu walirudi kulima, yaani mguu ulipewa kazi. Tatizo ni nguvu na wakati. Kifundo au paja lililoumia leo likikandwa kwa nguvu leo, mishipa midogo ya damu iliyokuwa imeanza kuziba hufunguka tena na damu huongezeka ndani ya msuli. Kwa paja lililogongwa hasa, kukandwa kwa nguvu katika siku za mwanzo kunahofiwa kuchangia msuli kuota mfupa ndani yake, na hapo mtu hukaa miezi mingi hawezi kukunja goti sawasawa.

Jambo ambalo wodini tunaliogopa zaidi ni vile vijiti ambavyo baadhi ya wakandaji huvifunga mguuni kwa kukaza sana. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, fungueni na mje hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku. Mguu unaweza kupotea kwa sababu ya kitambaa kilichokazwa, ilhali jeraha lenyewe lingepona.

Naongeza jambo moja kwa mwenzangu wa Ndosho, kwa sababu mazoezi ya mapema yasieleweke vibaya. Mtu aliyeteguka vibaya kiasi cha kutoweza kukanyaga kabisa, ingawa hakuvunjika, si sawa na yule anayechechemea. Waingereza waliwafuatilia wagonjwa 584 wa aina hiyo, na matokeo yakatoka mwaka 2009: waliowekewa plasta ya jasi chini ya goti kwa siku 10 tu walikuwa na hali nzuri zaidi baada ya miezi 3 kuliko waliovishwa soksi ya kubana. Siku 10, si majuma 6 kama tunavyoona mara nyingi. Plasta ikitolewa, mazoezi yanaanza.

Na barafu? Inapunguza maumivu, basi. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, aliyeeneza mwaka 1978 ule ushauri wa kupumzika, barafu, kubana na kuinua mguu, mwenyewe aliandika mwaka 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vinachelewesha kupona. Ukiwa nayo, iweke dakika chache katika kitambaa. Usipokuwa nayo, hujakosa tiba. Kuinua mguu na kuufunga bandeji isiyokaza sana bado ni jambo zuri katika siku mbili tatu za mwanzo.

Kocha_Katindo:

Ninashukuru sana, nawe mzee pia, kwani maneno yako ndiyo nitakayoyakuta nyumbani kwa kijana. Bado sijapata jibu kuhusu winga na paja lake. Pia nina ndugu anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, analeta makaa na viazi kutoka upande wa Kibumba, naye ana maumivu juu ya kisigino tangu miezi mingi. Asubuhi hawezi kushuka kitandani bila kujishika ukutani. Ameambiwa apumzike, lakini akipumzika watoto hawali. Yeye ndiye aliyependekezewa sindano ya kotizoni, ile dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu.

Kine_Kamalondo (Lubumbashi) amejibu:

Nikianza na ndugu yako, ambaye hali yake ninaiona kuwa ya haraka zaidi kwa sababu ya hiyo sindano. Kotizoni inayochomwa kuzunguka kano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, inatuliza maumivu kwa majuma machache, na ndiyo maana watu wanaisifu. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba kwa maumivu ya kano faida hiyo ya mwanzo haidumu, na kwa kiwiko hata hugeuka hasara. Jaribio la Australia la mwaka 2013 kwa wagonjwa 165 wa kiwiko liliona kwamba maumivu yalirudi kwa asilimia 54 ya waliochomwa kotizoni, ikilinganishwa na asilimia 12 ya waliochomwa maji ya chumvi tu. Kano ya kisigino inabeba mzigo mkubwa kuliko ya kiwiko na inaweza kukatika, kwa hiyo mimi binafsi siikubali sindano hiyo pale.

Anachohitaji ni kuipa kano kazi nzito lakini yenye utaratibu. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichukua watu 15 wenye maumivu ya muda mrefu ya kano hiyo, wakawapa zoezi moja: simama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, jiinue kwa miguu yote miwili, kisha hamishia uzito kwenye mguu unaouma na ushuke polepole mpaka kisigino kiwe chini ya ukingo. Mara 15 kwa seti 3 goti likiwa limenyooka, na kiasi hichohicho goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku, kwa majuma 12. Zoezi likiacha kuuma, mgonjwa anaongeza uzito mgongoni. Wote 15 walirudi kukimbia. Kundi lile lilikuwa dogo, ni kweli, lakini tafiti zilizofuata ziliunga mkono msingi wenyewe. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuinua uzito mkubwa polepole mara 3 kwa juma kunaleta matokeo yaleyale, na wagonjwa walitumia muda mfupi zaidi. Kwa mtu anayeondoka nyumbani kabla ya jua, hiyo ya mara 3 inafaa zaidi. Mfuko wa mchanga mgongoni unatosha.

Wala si lazima aache chukudu. Utafiti mwingine wa Sweden, wa mwaka 2007, uliwaacha wagonjwa waendelee na michezo yao wakifuata kanuni ya maumivu: kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu yasizidi 5 wakati wa kazi, na kesho yake asubuhi kano isiwe imekakamaa zaidi ya jana. Waliendelea na michezo na walipona sawa na waliopumzishwa. Ndugu yako apunguze mzigo, hasa kwenye mipando, abadilishe mguu wa kusukumia ikiwa mwili unakubali, na ile asubuhi ya ukutani iwe ndiyo kipimo chake. Ikiwa asubuhi ya leo ni mbaya kuliko ya jana, mzigo wa jana ulizidi. Awe na subira. Kano hujibu polepole sana kuliko msuli.

Kuhusu winga, msimlaze kitandani. Huko Denmark wanamichezo 50 wasio wa kulipwa, walioumia msuli wa paja au wa shavu la mguu, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilianza mazoezi baada ya siku 2, jingine baada ya siku 9, na mazoezi yalikuwa yaleyale. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba kwa kipimo cha kati kundi la kwanza lilirudi michezoni bila maumivu baada ya siku 62 na nusu, na la pili baada ya siku 83. Siku 7 za kusubiri ziliongeza takriban majuma 3. Aanze kwa kunyoosha taratibu, kisha kukaza msuli bila kusogeza mguu, kisha kuinua na kushusha mwili kwa nguvu za msuli huo, na kukimbia kwa kasi kuwe hatua ya mwisho, si ya kwanza.

Akishapona, timu yote ifanye zoezi la kupiga magoti: mwenzake amshike vifundo, naye ainame mbele polepole mwili ukiwa umenyooka kuanzia magotini, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya mapaja mpaka ashindwe na kujipokea kwa mikono. Katika timu 50 za Denmark zenye wachezaji 942, utafiti wa mwaka 2011 uliona majeraha 15 ya msuli huo kwa waliofanya zoezi na 52 kwa wasiofanya. Walianza na kikao kimoja kwa juma chenye seti 2 za mara 5, wakapanda hadi vikao 3 kwa juma, na baada ya majuma 10 kikao kimoja tu kwa juma kiliwatosha. Waonye wachezaji kwamba juma la kwanza mapaja yatauma, la sivyo watasema kocha amewaroga.

Mama_wa_Himbi (Goma) ameuliza:

Samahani kwa kuingilia. Binti yangu alipinda goti akicheza mpira wa kikapu, likasikika likilia ndani, likavimba siku hiyohiyo. Tumeambiwa ligamenti ya katikati ya goti imekatika na kwamba bila upasuaji wa nje ya nchi hatacheza tena. Je, ni kweli hakuna njia nyingine?

Kine_Kamalondo:

Mama, kwanza goti hilo lichunguzwe vizuri, kwa sababu ikiwa limejifunga na halinyooki, au ikiwa ligamenti nyingine nazo zimekatika, upasuaji unaweza kuhitajika mapema. Lakini si kweli kwamba kila goti la namna hiyo lazima lifanyiwe upasuaji. Katika jaribio la Sweden lililochapishwa mwaka 2010, vijana 121 waligawanywa: wengine walifanyiwa upasuaji mapema na kufanya mazoezi, wengine walianza na mazoezi tu, wakiwa na ruhusa ya kufanyiwa upasuaji baadaye goti likiwa bado halijatulia. Baada ya miaka 2 hakukuwa na tofauti kati ya makundi hayo, na baada ya miaka 5 karibu nusu ya kundi la mazoezi hawakuwa wamehitaji upasuaji kamwe. Mpe binti yako miezi mitatu ya mazoezi ya kweli, yenye msimamizi, kabla ya kuuza kiwanja. Goma mna hospitali ya HEAL Africa kwa uchunguzi wa mifupa, na kituo cha Shirika la Umoja kimezoea kazi ya kurudisha viungo.

Upasuaji ukifanyika, asirudi kikapuni kabla ya miezi 9. Utafiti wa Norway wa mwaka 2016 uliona kwamba kila mwezi wa kusubiri hadi kufika huo wa 9 ulipunguza majeraha mapya ya goti kwa asilimia 51.

Kine_Ndosho:

Narudi kwa kocha na swali lake la mwisho. Katika utafiti huohuo wa Norway, waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka waliumia goti upya kwa asilimia 38, na waliofaulu kwa asilimia chini ya 6. Hilo lilikuwa goti, lakini hata kwa kifundo ninatumia mwenendo huohuo: siulizi siku ngapi zimepita, ninalinganisha mguu na mguu.

Mpe kiungo wako vipimo hivi pale pale uwanjani. Aweke vidole mbali kidogo na ukuta na kugusa ukuta kwa goti bila kuinua kisigino. Umbali wa mguu mmoja na mwingine usipishane zaidi ya sentimita 2 hivi. Ajiinue kwa vidole vya mguu mmoja mpaka achoke, kisha mwingine, na idadi zikaribiane. Asimame kwa mguu mmoja akiwa amefumba macho bila kuyumba zaidi ya upande wa pili. Aruke mbele kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo, na umbali wa mguu ulioumia usipungue asilimia 90 ya ule mzima. Kisha akimbie kwa kasi na kukata kona pande zote mbili, na umtazame usoni anapokanyaga upande ulioumia, kwa maana anayeogopa atafupisha hatua hata kama anakuapia kwamba haumwi.

Akishindwa kimoja, afanye mazoezi na timu bila kugombania mpira, na umpime tena juma lijalo. Andika matokeo katika daftari, kwa sababu siku ya mechi kubwa kila mtu atakuambia amepona.

Kocha_Katindo:

Daftari nitalinunua kesho. Mama wa kijana amekubali mkandaji aendelee, lakini kwa mikono laini na bila vijiti, na jioni kijana asimame kwa mguu mmoja mbele yake huku akimhesabia sekunde.